Kiganja Kimoja cha Sufi

Kipatimu,
14 Novemba 1991

Dada yangu Consolata,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Huko Lindi mnaamkaje? Kifua cha shemeji kimepona? Sisi huku wazima, ila roho yangu haina raha.

Barua yako nimeipata. Unataka Jumapili, wazee wakikaa kuamua habari ya Flora, nisimame niseme kwamba huyo mke wa kaka yetu Damiani alikuloga kitandani mwake. Kusimama nitasimama. Lakini nisikilize kwanza.

Unalikumbuka godoro la mama, lile la sufi tulilozaliwa juu yake sote watatu. Mwaka jana, kaka alipomletea Flora godoro la sponji kutoka Dar, si unajua siku hizi za ruksa maduka yamejaa, bibi huyo akaanza kututangazia kwamba sufi ni ushamba na kunguni. Mimi nikaenda zangu shamba. Kurudi, nakuta majivu uani. Amelichoma, dada! Nilipomuuliza alicheka, akasema nimshukuru kwa kunisafishia nyumba. Sikulia. Nikasema moyoni, utanitambua.

Jioni ile nikaokota maganda matatu chini ya msufi wa mama. Sikutaka makubwa, nilitaka mto tu. Tangu hapo, kila siku kabla ya kuinjika ugali nachambua mbegu za kiganja kimoja cha sufi, basi. Asubuhi naianika ndani ya chandarua kikuukuu isipeperuke. Flora akipita ananicheka, ananiita fundi magodoro. Nami nachambua, na hasira naichambua humo humo.

Sasa dada, kaa kitako. Ulipokuja Agosti kwa misa ya mama, hukulogwa. Ni mimi. Nilichuma upupu bondeni, mkono nimeuviringishia majani ya mgomba, nikaukung'utia kwenye lile sponji, nikatandika shuka vizuri. Nilitaka Flora ajikune kanisani mbele ya watu wote. Nilidhani utalala kwangu kama siku zote. Nikasahau kwamba mgeni kwetu hupewa kitanda kizuri kuliko vyote, na Flora, kwa ubaya wake wote, alikuachia chake. Ukajikuna wewe, kwenye misa ya mama yetu. Nisamehe, dada yangu. Damiani akalitupa sponji korongoni kwa hofu, akamrudisha mkewe kwao Likawage, nami nikanyamaza miezi mitatu. Nilifurahi, sikufichi.

Jumapili nitasema kweli yote, hata wakinitemea mate. Usidhani nimemhurumia Flora. Namtaka arudi! Kwao analala raha mustarehe. Hapa atakuta kitanda cha kamba tupu, na sufi yote ninayo mimi. Atakuja kupiga hodi. Nitampa kiganja kimoja kwa siku, akae barazani kwangu, wapita njia wakimwona, achambue mbegu kwa vidole vyake mpaka godoro la mama lirudi lote.

Barua hii inakuja na mto wangu wa kwanza. Ni sufi tupu, naapa. Ukiogopa kuulalia, sikulaumu.

Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu zangu.

Mimi mdogo wako mkosaji,
Tekla