Kioo cha Dhahabu Ndani ya Ndiva

Bibi yangu, shikamoo.

Toka Gonja mpaka Same mjini hakuna kichwa kama changu. La saba nilifeli, sawa, lakini siku hizi wataalamu wa chuo wakitaka kujua maji yanaumwa nini, wananiuliza mimi. Ukiitikia huko uliko, itikia, "Marahaba, daktari."

Unakumbuka ulivyoyanusa maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia kwa zamu, ukasema, "Humu mtu ameoshea bomba la dawa"? Mwenyekiti wa ndiva, mwenye shamba la nyanya kule juu, akakucheka mbele za watu kwamba uzee umekuingia puani. Ukaiacha zamu yako, ukamwagilia mchicha kwa ndoo ya chemchemi hadi ulipotutoka. Wewe ulinyamaza. Mimi sinyamazi.

Wataalamu walileta kioo, kidogo kama ukucha, kimepakwa chembe za dhahabu ambazo hata sisimizi hazioni. Ukikimulika kwenye maji safi, mwanga unatoka mwekundu. Dawa ya shambani ikizigusa zile chembe, rangi inahama. Wakakizamisha ndivani, wakaniachia nikitunze. Juzi jioni nikakimulika: zambarau. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Pua yako haikukosea, bibi.

Nikamtambia mwenyekiti kwamba kesho, tukimaliza msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzoa tope, kioo kitasema mbele ya kila mwenye jembe.

Kesho yake mwanga ukapita mweupe, kama kwenye glasi tupu. Mtaalamu akajaribu kueleza kwamba weupe si usafi, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwenyekiti akajifuta tope, akasema taratibu, "Pua ya bibi yako tulishaizika. Wewe tukuzike lini?"

Watu wakavunjika mbavu. Mtaalamu akaniuliza nani amekigusa kioo. Nikamjibu, chura.

Wacheke. Kioo kingine kinakuja, na nitakilinda kwa fimbo. Mwenyekiti akitaka kunizika, achimbe palepale kwenye nyanya zake, maana sihami hapa ndivani mpaka akutaje kwa heshima.

Ila wewe siwezi kukudanganya. Chura hakuhusika. Asubuhi ya msaragambo nilikikuta kioo kimeota utelezi, nikaona aibu wageni wakikute kichafu. Nikakisugua kwa mchanga na majivu, vile ulivyonifundisha kusugua sufuria. Kiling'aa, bibi. Dhahabu yote ikaenda na tope.

Mjukuu wako, msugua sufuria.