Mwamba wa Tatu Huhesabiwa Kutoka Juu

Kituo cha Juu cha Askari wa Hifadhi,
S.L.P. 18.
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Barua hii naisoma kwa sauti kabla ya kuitia gundi, mbele ya Mama, mbele ya Mjomba, mbele ya mhifadhi mkuu wa mlima huu na askari wenzangu wawili. Wote wanakusalimu kwa mpangilio huo. Mama hajambo, ila magoti. Nawe u mzima? Tumeiona picha yako nyuma ya jalada, umenenepa, tumeshukuru.

Kitabu chako cha kuvu na kuvumwani, yale magamba ya rangi yaotayo miambani, za hifadhi kilifika Jumanne. Mama alichukua kioo chake cha kukuzia, akasoma siku mbili. Aina mia nne na kumi na mbili. Alizitambua zote, kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani.

Nakukumbusha, maana umbali husahaulisha. Ulipoondoka na sanduku la bahasha za Mama, zenye sampuli na maelezo yake, ulisema unakwenda kuzinusuru na wadudu. Bahasha hizo alizikunja kwa karatasi za mitihani yetu, miaka thelathini na moja, akiwa askari pekee wa kike kituoni. Mjomba alipinga. Mimi ndiye niliyekutetea, nikasema damu nzito kuliko maji. Leo Mjomba ananitazama tu.

Kitabuni mkusanyaji ni wewe. “Nilipanda,” “niliona,” “nilikwangua.” Mama umemtaja ukurasa wa mwisho, sambamba na mpishi, kwa “ukarimu.”

Basi sikia. Ukurasa wa themanini unasema kuvumwani ya njano, ile adimu kuliko zote, huota kwenye mwamba wa tatu, karibu na lango. Mama aliandika “mwamba wa tatu,” akakomea hapo. Sisi wa Kituo cha Juu huhesabu miamba tukishuka, kwa kuwa huku ndiko tunakolala. Wewe umehesabu kutoka langoni, kama mgeni. Jumamosi wageni wawili walikuja na ukurasa huo mkononi, wakaukwangua mwamba wa chini kutwa nzima, wakaambulia ukoga.

Mama alifunga kitabu, akasema, “Huyu hajapanda.”

Mjomba akamjibu, “Dada, huyo kupanda kwake ni ngazi za ndege.”

Chumba cha maonyesho cha hifadhi kitafunguliwa mwezi wa nane, na jina lililopangwa kuandikwa mlangoni lilikuwa lako. Mama hajalalamika. Amesema tu kwamba mlango huo hataupita.

Msalimie mkeo na mapacha; wao hawana kosa. Mungu akujalie pumzi ya kupandia mlima.

Dada yako akupendaye, safari hii kwa taabu.

Nanyi mliopo, uamuzi ni huu: bahasha zote zirudi na mwandiko wake kabla ya mwezi wa nane; mhifadhi mkuu awaandikie wachapishaji leo, ushahidi ukiwa ni mwamba; na mlangoni liandikwe jina la Mama. Kalamu hii hapa. Tutie sahihi kama tunavyohesabu miamba, kuanzia juu. Mama, karibu.