Vidole vya Babu Ambrose

Corley Falls,
6 Juni 1974

Kwa kaka yangu Wendell,

Salamu tele, tena za moto moto. Hujambo? Na wifi Marjorie, goti lake limepoa? Sisi huku wazima, ila paka kazaa tena kwenye kapu la nguo safi, na mume wangu Floyd kaninunia tangu juzi. Ukifika chini utajua kanunia nini.

Najua roho yako iko kwenye mkutano. Tulia basi, nakupa yote. Ukumbi wa zimamoto ulijaa hadi watu wakakalia ngazi za gari. Ugomvi ni lile bango jipya la uwanja wa besiboli: liandikwe jina la nani kuwa ndiye mdakaji wa kwanza huku kwetu kusimama karibu kabisa nyuma ya mpigaji, mikono mitupu, enzi zile hakuna glavu. Huku babu yake baba, Ambrose Tillinghast. Kule Elkanah Dorsey, yule mweusi aliyetunza farasi wa hoteli. Mjukuu wake, mzee Lemuel, kaomba miaka na miaka, anaambiwa magazeti ya zamani yaliandika Tillinghast, basi. Sasa mapafu yamemchoka. Binti yake Odessa alikuja saluni kwangu akaniambia baba hataiona theluji nyingine.

Mwenyekiti Stroud akasema leo ndiyo mwisho, tukishapiga kura bango linakwenda kwa fundi. Akasimama Hub Crandall, muuza matairi, unaujua mdomo wake. Akamuuliza mzee Lemuel eti babu yake alidaka mipira au mavi ya farasi. Watu wakacheka. Hata mimi kicheko kilinitoka kabla sijajua. Odessa akamjibu kwamba yeye Hub hajawahi kudaka kitu maishani isipokuwa mafua. Weee! Hub akawa mwekundu kama nyanya, akasukuma kiti, wanaume wawili wakamshika. Mzee Lemuel kakumbatia picha ya babu yake, anahema kama kapanda mlima.

Stroud akaipitisha ile picha. Wendell, mikono ya Elkanah! Vidole kama tangawizi, kimoja huku, kingine kule. Odessa akasema mipira ndiyo ilivivunja. Hub akasema farasi nao wanakanyaga watu kila siku, huo si ushahidi. Watu wakaitikia, nikaona yule mzee anainamisha kichwa. Ndipo Stroud akanigeukia akasema ukoo wa Tillinghast una hotuba ya kumtetea Ambrose, kaiandika mwanasheria wetu Wendell, na Loretta ataisoma.

Nikasimama. Hotuba ilikuwa ndani ya mkoba. Nilishaisoma nyumbani, tamu kweli, ingawa maneno mengine yalinishinda.

Kaka, ukitaka nisamehe, ukitaka nuna na Floyd: sikuisoma. Niliwaambia wageuke waitazame picha ya timu, ile iliyoning'inia ukutani pale tangu sisi watoto. Babu Ambrose kakaa katikati, mikono juu ya magoti, vidole vimenyooka kama mishumaa ya kanisani. Nikamuuliza Hub ni mdakaji gani wa mikono mitupu anayebaki na vidole vya mpiga kinanda. Halafu nikalitoa lile la jikoni, alilotuambia bibi Adelia, mkwe wake mwenyewe: Elkanah ndiye alikuwa anadaka, ila timu za nje hazikutaka iandikwe kwamba zimefungwa na mtu mweusi, kwa hiyo gazetini likapelekwa jina la nahodha, babu Ambrose. Na huyo nahodha hakuweza kudaka hata sahani. Ulikuwepo, Wendell. Ulikuwa unakula pai, ukacheka kuliko mimi.

Stroud akaitisha kura. Kisha mikono ikaanza kunyooka, mmoja mmoja, mwishowe mingi. Hub hakunyoosha. Bango ni la Elkanah Dorsey.

Mzee Lemuel hakunishukuru. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akavikagua vidole, akasema kweli huyu ni Tillinghast. Nikacheka mpaka nikalia.

Hotuba yako nakurudishia humu ndani, haijakunjika sana. Msalimie wifi, na watoto wote wabusu kwa niaba yangu. Tarehe nne Julai bango linafunuliwa, halafu kuna mechi kwa sheria za kale, mikono mitupu. Walikuwa hawana mdakaji. Nimewapa jina lako.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Loretta