Njia ya Kwenda kwa Shangazi

Chanika, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limekuacha upumzike, au bado linakusumbua? Na Mama mgongo wake vipi? Alizeti mmeshavuna, au ndege wamewawahi tena? Sisi huku ni wazima wa mwili, wajukuu zako wanakula kama wanalipwa. Ila moyo wangu haujatulia tangu Kaka Juma aniambie kwamba mnapima viwanja shamba la mbele, na kwamba njia ya kwenda kwa Shangazi inafungwa. Nimeona niandike, maana kwenye simu nitalia tu.

Tulipohamia hapa palikuwa na nyumba chache na mikorosho. Jirani yangu wa nyuma, Bi Tatu, mama mtu mzima aliyeishi peke yake, nilikuwa napita nyuma ya jiko lake, hodi moja, nimefika. Baadaye viwanja vikauzwa vipande vipande, kila mtu akajenga mpaka mwisho wa eneo lake, hakuna aliyeacha hata njia ya mkokoteni. Mimi na Bi Tatu tukabaki tumetenganishwa na ukuta mmoja. Kumfikia ilikuwa lazima nitoke hadi barabara kubwa, nizunguke kwenye mashine ya kusaga, ndipo niingie mtaa wao. Basi tukawa tunaongea bila kuonana. Alikuwa akinirushia ndimu, nami namtania kwamba tumekuwa wachumba.

Wiki iliyopita asubuhi nilikuwa nafua, nikamsikia anaita. Alikuwa ameanguka uani. Mume wangu akatoka mbio kuzunguka, mimi nikabaki pale namsemesha ili asinyamaze. Juu ya ukuta wamepanga chupa zilizovunjwa, sikuweza kupanda. Nikamwambia nipo hapa, mama, nipo.

Akasema, "Nakusikia mwanangu. Mbona hufiki?"

 Mume wangu alipomfikia alikuwa ameshanyamaza. Tumemzika, na mpaka leo nikienda kuanika nguo naogopa kuutazama ule ukuta.

Sasa Kaka anasema mteja hataki watu wakatize kiwanjani kwake, na kwamba Shangazi atazungukia sokoni, si mbali. Baba, mimi nilitumwa njia ile na bakuli la mlenda, nikamfikishia ukiwa bado wa moto. Shangazi ni dada yako, yuko peke yake kule nyuma, na macho yake unayajua. Shamba ni lako, uza. Njia usiuze. Sikufundishi kazi, nakuomba.

Msalimie Mama, mwambie vitenge vyake nimevipata. Msalimie Kaka Juma pia, ingawa tumekatiana simu, na wifi yangu na watoto wao. Shangazi usimpelekee salamu zangu kwa simu. Nenda mwenyewe, kwa njia ile ile, kabla tofali hazijashushwa.

Binti yako,
Hadija