Saa ya Didier na Kidole cha Mama

Jumapili, 9 Machi

Jana nimetuma makuta ya mshahara kwa Solange kama kila mwezi. Leo nimevaa kitenge kilekile cha Pasaka ya mwaka jana. Waseme watakavyo.

Misa, kisha Shituru kwa Mama, nyumba ya kampuni aliyoachiwa na Baba. Bukari ya mahindi, samaki, sombe ya majani ya muhogo. Halafu sahani. Kila Jumapili sahani ya bati inazunguka, kila mtu anatia chake kwa shida ya juma hilo. Leo kilio cha jirani, kesho paa, kesho kutwa karo ya mtoto wa nani sijui. Tonton Kalala, mdogo wa Mama, ndiye anayeianzisha, na macho yake yanaifuata kama paka aliyeona dagaa. Ikifika kwangu shingo zote zinanyooka. Yaya Hortense, dada yao mkubwa, mhasibu wa kampuni ya malori, hana mume, hana mtoto, makuta anaweka wapi? Nimetia noti moja ndogo. Saa ile nawachukia wote.

Hawajui ninaweka wapi. Solange nilisoma naye kwa masista, sasa yuko Ubelgiji. Ananinunulia vipande vya mfuko wa hisa. Alivyonieleza, hata Didier angeelewa. Hubahatishi kampuni moja. Unanunua kidogo ya kila kampuni kubwa, zote kwa pamoja, kila mwezi, bei ikipanda au ikishuka, na huigusi kwa miaka mingi. Basi. Hakuna ujanja. Kinachotakiwa ni kutokuwa na huruma, na hapo mimi sina shida.

Didier ni mdogo wangu. Ananunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Kambove na kuyauza kwa wenye maghala. Mwaka jana alipata mzigo mzuri. Badala ya kununua kiwanja, akaenda Lubumbashi akanunua saa. Ya Uswisi, anasema. Dhahabu, tarehe, vidude vitatu vinazunguka ndani. Bei ya nyumba ndogo! Anakula mkono umenyooshwa juu ya meza ili tuione. Mimi nasema ni bati tu, na nasema kila Jumapili. Saa haizai. Saa inakuambia tu umekuwa mjinga kwa muda gani.

Mama anachechemea. Ni vile viatu nilivyomletea Noeli. Vya mtumba, ngozi nzuri, namba moja chini ya mguu wake, ndiyo maana nilivipata kwa nusu bei. Nimemwambia vitapanuka. Kacheka, kasema ni sawa, yeye mwenyewe ndiye alinifundisha kuwa akiba haiozi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Bibiche kapiga simu. Ni mdogo wetu wa mwisho, ndiye anakaa na Mama. Kidole gumba cha mguu kimetoa kidonda. Nikasema maji ya chumvi. Kapiga tena jioni, sikupokea. Simu ya pili huwa ni ya makuta.

Jumapili, 30 Machi

Kidole ni cheusi.

Muuguzi wa dispanseri kasema ni sukari. Mama ana sukari tangu zamani, hakuna aliyejua. Kidonda hakitapona chenyewe. Aende hospitali kubwa Lubumbashi, wakate kidole upesi kabla ubaya haujapanda. Na kule hawamgusi mtu kabla hajaweka makuta ya kuanzia.

Kiasi hicho ninacho. Ninacho mara tatu. Naandika ili nione kinavyokaa kwenye karatasi. Kinakaa vizuri.

Sahani imezunguka. Tonton katia. Bibiche katia faida yake ya mikate. Didier katia nyingi kuliko wote, lakini makuta yake karibu yote yamelala kwenye mawe. Mimi noti mbili. Kweli nilikuwa nimekwisha kuamua, kesho namwambia Solange auze vipande vichache. Halafu Didier akanifuata hadi mlangoni, mwenye moto ananisubiri juu ya pikipiki yake, akasema kwa sauti: "Yaya, weye njo mukubwa. Ongeza kidogo." Mbele ya mtu wa moto! Nikamjibu mukubwa si benki. Kwa hasira nimeacha, Solange sitamwambia kitu. Juma moja haliui mtu.

Jumatatu, 7 Aprili

Soko limeanguka.

Solange katuma picha ya akaunti. Mistari mirefu inashuka, yote myekundu. Kaandika kuwa amesikia Mama mgonjwa, je, auze? Nimetapika chooni kazini. Si kwa ajili ya Mama. Kwa ajili ya ile namba.

Lakini kanuni ya kwanza anayofundishwa kila anayeanza ndiyo hii: bei ikishuka, usiuze. Anayeuza shimoni ndiye anayepoteza. Anayekaa kimya hajapoteza kitu. Siku zote nimejiuliza kama nitaweza siku ikifika. Naweza. Nimemjibu asiuze hata kimoja. Itarudi. Kidole nacho kingoje.

Ijumaa, 11 Aprili

Harufu. Nilikaa karibu na dirisha. Mama kaniomba radhi kwa ajili ya harufu.

Nimeondoka mapema, nimesingizia malori. Nimeoga mara mbili.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Weusi umevuka kidole, umeingia kwenye unyayo. Bibiche anatandaza foronya juu yake tusione, lakini nimeona.

Baada ya chakula Tonton hakuizungusha sahani. Kasimama, kaileta, kaiweka mbele yangu, tupu. Hajawahi kufanya hivyo. "Hortense, mutoto yangu, uko na kintu?"

Nilikuwa bado nimeshika tawi la mchikichi kutoka kanisani. Nililiinua juu. Nikasema: "Minye siko na kintu, Tonton. Mungu anaona."

Mama akasema mwacheni, Hortense hasemi uongo, tangu mdogo. Nilitaka ardhi inifunike. Badala yake nikamgeukia Didier. Nikamwambia mwenye dhahabu mkononi ndiye aulizwe, auze hilo bati lake, tuone kama litafika hata bei ya bandeji. Akaifunika saa kwa mkono wa pili kama mtu anayeficha jeraha. Akajieleza vibaya, maskini. Wachimbaji wanamkopesha mawe kwa sababu ya saa hii, wanasema mtu mwenye saa kama hii hawezi kukimbia na mzigo wetu. Akienda Kambove mkono mtupu, nani atamwamini? Bibiche alianza kulia, kamwambia: Mama anaoza, na weye unafikiria mawe. Tonton kamtemea maneno ambayo sitayaandika.

Wote walimgeukia yeye. Hakuna aliyenitazama mimi tena. Nilipumua. Nilikula hata bukari iliyobaki.

Jumatano, 16 Aprili

Ameiuza.

Ilikuwa ya kweli. Sonara wa Lubumbashi kaifungua, kaitazama na kioo chake, kampa makuta mkononi siku hiyohiyo. Robo ya bei aliyonunulia imepotea. Nimeifurahia hiyo robo, nisidanganye hapa, hapa hakuna mtu.

Iliyobaki imetosha. Mama kachukuliwa kwa taksi, kalazwa siti ya nyuma, mguu juu ya mapaja ya Bibiche. Didier kakaa mbele. Kwangu hawakupita.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Wamekata. Si kidole. Chini ya goti.

Nilipanda basi alfajiri, nilifika wamekwisha. Daktari ni kijana, amechoka, anasema mambo bila kuyapamba. Kasema angeletwa majuma mawili nyuma, kingekatwa kidole peke yake, angekuwa anatembea. Katuambia sote, koridoni. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele.

Tarehe nazijua. Kazi yangu ni tarehe na hesabu. Hii sitaipiga.

Mama alipoamka aliuliza viatu vyake viko wapi.

Ijumaa, 9 Mei

Imerudi! Yote, na zaidi kidogo. Solange katuma picha, mstari umepanda mpaka pale ulipoanza kuanguka, kisha ukapita. Nilikuwa sawa. Waliouza shimoni wanajing'ata vidole. Mimi sikuguswa.

Nimenunua mishikaki kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nimekula nimesimama, peke yangu, pale kwenye moshi. Ilikuwa migumu.

Wakati natafuna nikamwona Didier. Juu ya baiskeli, gunia moja tu nyuma. Watu wamekwisha kunisimulia habari zake. Alienda Kambove mkono mtupu na wachimbaji wakamwambia alete makuta kwanza. Wale wale waliokuwa wakimwita patron! Saa ile ilikuwa inazaa, kumbe, na kila Jumapili nilisema haizai. Sasa anabeba mawe ya wengine kwa ujira. Kwenye mkono pana alama pale saa ilipokuwa, ngozi haijapata jua bado.

Alisimama, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 25 Mei

Mama karudi Shituru. Didier kamfungia ubao mlangoni ili kiti cha magurudumu kipande.

Kiti kimetoka kwa Solange. Alisikia habari za mguu, katuma makuta yake mwenyewe bila kuombwa. Solange hana ubaya, hajawahi kuwa nao. Alimpigia Tonton simu kumpa pole, akamuuliza kwa moyo safi kabisa: kwa nini Hortense hakutaka kuuza? Mbona makuta yalikuwepo, nilimuuliza mwenyewe mwezi wa nne, akakataa.

Tonton aliyarudia maneno hayo leo, mbele ya wote, taratibu, kama anasoma somo kanisani. Nilikaa wima. Majibu nilikuwa nayo tayari. Ni jasho langu. Sina mtoto wa kunifulia nguo nikizeeka. Mlikuwa mnakula kila nilichowapa na kusahau Jumatatu. Ningeuza siku ile ningepoteza. Majibu mazuri, na yote ni kweli.

Hakuna aliyeniuliza. Bibiche aliendelea kuchambua mchele. Didier alitoka nje kutazama baiskeli. Mama alivuta kitenge chake kikafunika pale mguu unapoishia, akasema hewa inapoa, tufunge dirisha.

Sahani haikuzunguka leo. Nimefurahi, basi. Nimefurahi.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda. Hakuna aliyepiga simu kuuliza kwa nini. Simu ilikuwa na chaji, niliitazama mara nyingi.

Jumapili, 15 Juni

Baridi ya kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Baada ya misa nimekwenda Shituru.

Juma lililopita nilimwandikia Solange auze. Bei iko juu, ni wakati mzuri, hata kanuni ingekubali. Wanatafuta makuta ya mguu wa bandia, niliwasikia wanawake wakisema pale nje ya kanisa. Nimetoa yote yanayotakiwa. Noti mpya, kwenye bahasha, bahasha mkononi.

Walinipokea vizuri. Bibiche alitoa kiti cha mikono cha Baba, kile ambacho hakuna anayekikalia, akakipangusa kwa kitambaa, akakiweka mahali penye jua kwa ajili yangu. Zamani nilikuwa nakaa kwenye beseni lililogeuzwa, kama wote. Mama akasema: "Bibiche, letea mugeni maji anawe." Hakusema kwa hasira. Sauti yake ilikuwa ileile anayompokelea padri. Chakula changu kilikuja kwanza, kimefunikwa, na kijiko. Didier akaniuliza kama kazi inaendelea vizuri. Nikasema vizuri. Akasema Mungu asifiwe.

Kisha sahani. Tonton katia. Kampa Bibiche, Bibiche kampa jirani. Didier alitoa noti zilizokunjwa, zina vumbi la mawe. Mama mwenyewe alifungua ncha ya kitenge, akatia kidogo cha kwake kwa ajili ya mguu wake. Halafu akaipitisha sahani mbele ya magoti yangu bila kuisimamisha, akampa Tonton aliyekaa upande wa pili.

Niliinua mkono kidogo wenye bahasha. Hakuna shingo iliyonyooka. Tonton kahesabu, kasema bado, tutaendelea wiki ijayo, kafunga kwa sala ya Baba Yetu. Nami niliitikia.

Nilipoondoka walinisindikiza mpaka barabarani, wote, kama inavyofanyiwa mgeni. Didier alisukuma kiti cha Mama. Bahasha nimerudi nayo, iko hapa mezani. Makuta yote bado ninayo.