Wageni wa Bwawani

Mdogo wangu,

Mvua imekatika, na goti la mama limepoa kidogo. Kuku wamekwisha wote, hata yule kishingo, mwenye shingo tupu, uliyempenda.

Nilipokuachia banda nilikuomba jambo moja tu: wavu usiondoke juu ya maji yao, maana bata mwitu wa bwawani huleta maradhi. Ukasema, "Nenda, dada, usiwe na wasiwasi." Walipoanza kufa ukaniambia labda niliwalisha mahindi yenye ukungu. Nikaimeza lawama hiyo.

Jana shangazi kanionyesha picha uliyomtumia. Wavu umekunjwa, bata mwitu wanakunywa pamoja na kuku wangu, nawe umeandika, "Wageni wazuri."

Wazuri kweli. Picha nimeibandika bandani.

Ukija tena, fikia kwa shangazi.

Dada yako