Baba, Nilidhani Unasikiliza Mipira

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuachia benchi tupu pembeni mwa uwanja wa tenisi. Kofia yako bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama akifuta vumbi huuzunguka msumari ule, hataki kuigusa.

Watu walikuita Mwalimu Vipande. Walikuja na raketi mpya, wanataka kupiga mpira siku hiyo hiyo, nawe ukazichukua raketi ukaziweka chini. Mpigo wa kuanzisha mchezo uliugawa vipande sita, na hakuna aliyepewa cha pili kabla cha kwanza hakijakaa mwilini. Wiki nzima kusimama tu. Wiki tatu kurusha mpira juu, bila raketi, na kuuacha uanguke ndani ya duara la chaki.

"Mwalimu, lini tutapiga?" alikuuliza yule mwanasheria mnene. "Mke wangu kila siku ananiuliza nimejifunza nini."

"Mwambie umejifunza kusimama, mheshimiwa. Wangapi wa umri wako wanaweza?"

Uwanja mzima ulicheka, na yeye akacheka. Wengine husema haraka haraka haina baraka. Wewe ulisema haraka haraka hugonga wavu.

Nami ulinilea hivyo hivyo. Nilipoacha shule darasa la sita kwa kushindwa kusoma kwa sauti mbele ya wenzangu, hukunigombeza. Ulinipa kazi ya kuokota mipira, na jioni ukanipa gazeti, mstari mmoja kwa siku. Nilikusomea wewe peke yako. Kisha wewe na Mama. Kisha wewe, Mama na jirani.

Nyumbani nilirusha mpira uangukie kwenye karai. "Karai hilo ni la vyombo!" Mama alilalamika.

"Vyombo vitangoja, mama watoto. Mkono ukizoea vibaya haungoji."

Ulikuwa na tabia ya kufumba macho tukifanya mazoezi. Ulisema macho hudanganywa na mbwembwe, lakini sikio linaujua mpira ulioanguka mahali pake.

Alhamisi ile nilikuwa nimebakiza kipande cha sita, kuunganisha vyote na kupiga. Nilikuomba. Ukasema, "Kesho, kitinda mimba wangu. Leo rusha tu."

Nilinuna, Baba. Nilikupa mgongo. Nilipogeuka ulikuwa kwenye benchi lako, umeegemea ukuta, macho umefumba, mikono juu ya magoti. Nikasema moyoni, anasikiliza. Hasira ikaniisha. Nikarusha mipira arobaini, na karibu yote iliingia kwenye duara. Sijawahi kurusha vile. Nilikuwa nangoja useme "Tena," kama kawaida yako. Ni mlinzi wa geti, alipotuletea maji, aliyekugusa bega.

Jambo hilo sikumwambia mtu. Mwaka mzima nimejiuliza ni mpira wa ngapi ulikuwa wa mwisho kuusikia, na ingekuwaje kama ningekuja kukaa karibu yako. Kaka aliposema kumbukumbu hii niiandike mimi, ndipo nikamweleza Mama. Aliweka chini kitambaa cha vumbi. Kisha akasema, "Mwanangu, miaka ishirini na minane nimeishi na macho yale yaliyofumbwa. Hata mimi ningedhani anasikiliza." Akalia, nami nikalia. Kaka akatoka nje kama mtu anayetafuta kitu.

Wanafunzi wako bado wanakuja. Nawafundisha kwa sauti yangu hii ndogo, inabidi wasogee karibu. Nimewapa vipande vitano. Cha sita sikuwa nacho.

Jumamosi iliyopita mwanasheria alinifuata kwenye mstari wa uwanja. "Binti, kile cha mwisho alinipa mimi. Nikupe?"

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nakingoja kwako, Baba, ingawa najua. Kisha nikawaona wale wapya wanne wamesimama na mipira mikononi, hawana mtu mwingine wa kumngoja ila mimi. Nikamwambia, "Nionyeshe."

Mpira wangu wa kwanza uligonga wavu. Nikageuka kulitazama benchi, kwa mazoea. Halafu nikachukua mwingine.

Wanaokulilia ni mkeo, mama yetu; mwanao mkubwa, fundi umeme, na mkewe; wajukuu wako wawili, ambao wamechora duara la chaki sebuleni na Mama hajalifuta; dada yako, shangazi yetu; mlinzi wa geti, ambaye bado huleta vikombe viwili vya maji; wanafunzi wako wote; na mimi, kitinda mimba wako.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Pumzika. Mipira tumeiokota yote.